Kitale, Bungoma na Mumias: Safari ya Jamaa Iliyopangwa Mwaka Mzima



Katika nyumba nyingi za mwambao, neno "bara" hutamkwa kwa sauti ya umbali. Mtu huenda bara kwa matibabu, kwa masomo, kwa kazi au kwa kesi. Ni nadra kusikia jamaa nzima, bibi na wajukuu pamoja, imefunga safari ya bara kwa ajili ya kuzuru na kutembea. Safari zetu za furaha tumezoea kuzielekeza Lamu, Tanga na Unguja, na kwa aliyeruzukiwa, Makka na Madina. Mwezi wa Disemba uliopita sisi tulikuwa watu 11, wazima saba na watoto wanne, tukatoka Mombasa hadi Kitale, kisha Bungoma na Mumias, na tukarudi salama. Tangu turejee, haipiti wiki pasi na mama au dada kutuuliza: Mlikula nini? Mliswali vipi? Mlilala wapi? Na mama mtu mzima mlimchukuaje? Kwa hivyo tumeona ni kheri tuyaandike, ili atakayetaka kufuata njia hiyo asianze gizani.

Kwanza yafaa tueleze kilichotutoa nyumbani. Ndugu yetu wa kike, kitindamimba wa mama yetu, aliolewa Bungoma miaka saba iliyopita. Mume wake ni Mwislamu, mtu wa Kiwanga ambaye kwao ni Mumias. Posa ilipokuja, mama aliitikia, lakini aliitikia kwa shingo upande. Hakumkataa kijana, alichokikataa moyoni ni ule umbali. Alisema mtoto wake anakwenda kuishi mahali asipojua hata adhana yake inasikika vipi. Miaka saba ikapita, wajukuu wawili wakazaliwa, na mama hajaiona nyumba ya mwanawe. Dada alikuwa akija Idi moja baada ya nyingine, kisha nauli ikapanda, watoto wakaanza skuli, safari zikapungua. Kuunga udugu ni amri, wala haikuwekewa mipaka ya kilomita. Tukaona kwamba ikiwa mtoto hawezi kuja kwa mama, basi mama atapelekwa kwa mtoto, na sisi sote tutamsindikiza.

Fedha ndilo lililokuwa swali la mwanzo. Tulikubaliana kila mtu mzima aweke shilingi 2,500 kwa mwezi kwa muda wa miezi 12. Watu saba wakatoa shilingi 210,000. Dada mmoja akawa mshika hazina, na kila mwezi akatusomea hesabu mbele ya wote. Fedha hizo zililipia tiketi za treni, gari la kukodi pamoja na dereva wake, mafuta, malazi na viingilio. Zawadi za kupeleka, yaani tende, halua, kanga, leso na viungo vya pilau, kila nyumba ilijitolea yenyewe. Twalitaja hili la mwaka mzima kwa sababu wengi hudhani safari kama hii ni ya wenye mali. Ni ya wenye subira.

Pili lilikuwa swali la makazi. Rai ya kwanza ilikuwa tufikie moja kwa moja nyumbani kwa dada. Lakini nyumba yake ina vyumba viwili vya kulala, na watu 11 kwa wiki nzima si ugeni tena, ni mzigo. Hata hivyo, kumwambia mtu aliyekungoja miaka saba kwamba utalala mahali pengine ni jambo zito. Tulimpigia simu tukazungumza naye kwa upole mpaka tukaafikiana: wageni watatua Kitale kwanza, wazuru pande zile wakiwa wamepumzika, kisha siku mbili za mwisho waende kwake Bungoma. Mama na wasichana walale ndani. Wanaume walale kwa jirani zake.

Kwa nini Kitale? Atakayetazama ramani ataona namna mji huu ulivyokaa. Ukiwa hapo, Mlima Elgon uko magharibi yako, milima ya Cherangani mashariki, Kapenguria na nchi ya Wapokot kaskazini, na njia ya Webuye na Bungoma yashuka kusini. Kila upande waweza kwenda asubuhi ukarudi kabla ya Magharibi. Kwa jamaa iliyo na bibi na watoto wadogo, jambo hilo ni neema kubwa: mizigo yafunguliwa mara moja, watoto walala katika kitanda kilekile, na aliyechoka siku hiyo aweza kubaki nyumbani pasi na kuwazuilia wenzake.

Mama yetu naye alikuwa na swali lake, nalo lilitangulia maswali yetu yote: Tutaswalije? Kauli mashuhuri ya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyokulia hapa mwambao, ni kwamba msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, pasi na kuihesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea tangu anapowasili. Akinuia chini ya hapo, hupunguza swala za rakaa nne zikawa mbili, na huruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Tulipokwisha kumsikiliza sheikh wetu, tukaipanga ratiba kwa kuifuata ibada: tuingie Kitale Jumapili, tukae Jumatatu, Jumanne na Jumatano, tutoke Alhamisi. Siku ya kuondoka Mombasa tukaifanya Jumamosi, kwani kufunga safari Ijumaa baada ya alfajiri, kwa anayewajibikiwa na swala ya Ijumaa na asiyetarajia kuipata njiani, si jambo jema. Na ile Ijumaa ya katikati tukaiweka makusudi iangukie Mumias. Twawashauri wengine nao wamuulize sheikh wao kabla ya kulipia chochote, kwa sababu ratiba ikiwafikiana na swala, safari nzima huwa nyepesi.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo wengi huyasahau. La kwanza ni wakati. Kalenda ya nyakati za swala ya Mombasa haifai huko. Kitale iko magharibi yetu sana, hivyo jua huzama nyuma ya jua la Mombasa kwa kiasi cha dakika 10 hadi 30, kulingana na majira ya mwaka. Anayefunga sunna ya Jumatatu akafuturu kwa saa za Mombasa atakuwa amekula mchana. La pili ni kibla. Sisi Mombasa kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa. Kitale ni kaskazini pia, ila huelemea kidogo upande wa mashariki. Tulikuwa na dira ndogo, na watoto wakashindana kuitumia kila tulikotua. Katika mambo yote ya safari, hilo ndilo walilolishika upesi zaidi.

Safari yenyewe ni ndefu, wala tusidanganyane. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Kitale ni kama 380. Tuligawa siku mbili. Jumamosi tulipanda treni, tukalala kwa jamaa zetu Nairobi. Jumapili baada ya Alfajiri tukaingia garini. Masharti yetu kwa dereva yalikuwa matatu: gari lisimame kila baada ya saa mbili, lisikimbizwe, na lisiwe njiani baada ya Magharibi. Njia hupita Naivasha na Nakuru, hupanda nyanda za juu za Timboroa ambako waikata ikweta, kisha yateremka Eldoret. Huko Timboroa baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Mama zangu, msiwadanganye watoto kwa kifulana chepesi cha pwani. Kila mtu awe na sweta, soksi na shali garini, si ndani ya begi lililofungwa juu ya paa. Wekeni pia kopo la maji ya kutawadhia, mkeka mwepesi, mifuko ya anayetapika, na ndimu au tangawizi kwa ajili ya kichefuchefu. Msaada mkubwa kwa wanawake ulikuwa vyoo vya vituo vya mafuta: tuliuliza madereva wanaoijua njia hiyo, tukavijua vilivyo safi kabla ya kuondoka, tukasimama hapo tu.

Kitale iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,900, na mwezi wa Disemba ni wakati mzuri kwa sababu mvua zimepungua na mahindi yavunwa. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa hapo Kitale mwaka 1956, na unga mwingi tunaousonga majikoni kwetu mwanzo wake ni mashamba yale. Watoto waliokuwa hawajui mahindi ila ya kuchoma pale Lighthouse waliona mabua yamekwenda mpaka macho yakachoka. Anayetaka kwenda mwezi wa Agosti atakuta mvua. Lakini ikiwa ni mwaka wa namba shufwa, huko Bungoma ndio msimu wa jando la Wabukusu, na barabara zajaa vijana wanaosindikizwa kwa ngoma usiku na mchana. Mwenye watoto wadogo na aujue msimu huo kabla hajaamua.

Jumatatu tuliitumia mjini na karibu yake. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyo wa afisa mmoja wa Kiingereza, Luteni Kanali Stoneham, aliyeanza kuuonyesha mwaka 1926. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974. Ndani mna vipepeo, ndege na vyombo vya makabila ya pande zile, na nyuma yake mna msitu mdogo wenye njia ya kutembea. Alasiri tukaenda Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya, kiasi cha kilomita tatu za mraba tu, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja hasa: nzohe. Huyu ni paa wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazofunguka ili asizame katika matope, na akiona hatari huingia majini akabakisha pua nje. Saiwa haina gari. Ni kutembea kwa miguu juu ya njia za mbao, na kupanda vilingo vya kutazamia. Mama alikaa kwenye kivuli karibu na lango pamoja na mmoja wetu, akavuta uradi wake. Sisi tulimwona nzohe mmoja tu, kwa mbali, na tulimwona kwa sababu watoto walinyamaza. Kwa wazazi wanaotafuta mahali pa kumfundisha mtoto utulivu, Saiwa ni skuli nzuri.

Jumanne tulielekea Kapenguria, kiasi cha saa moja kutoka Kitale. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipowapeleka Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko, kesi ikaanza Disemba 1952 na hukumu ikatolewa Aprili 1953. Pakachaguliwa pale kwa sababu palikuwa mbali na macho ya watu. Vyumba vya gereza vimehifadhiwa kuwa makumbusho. Mtoto wetu wa miaka tisa aliingia katika chumba kimoja, akanyoosha mikono, akauliza: "Mtu mzima alilalaje humu?" Kitabu cha historia kingemchukua muhula mzima kulifikia swali hilo.

Jumatano ilikuwa siku ya Mlima Elgon, na hapa twataka kusema kuhusu mambo tuliyoyaacha, kwa sababu kupanga ni pamoja na kujizuia. Mama alikuwa amesikia kwamba mlimani kuna maji moto, na magoti yake yakamtamanisha. Ni kweli yako, katika bonde la Suam. Lakini yako juu kabisa, ndani ya kasoko ya mlima, na kuyafikia ni safari ya miguu ya watu wenye nguvu, si ya mwenye maradhi ya viungo. Pia kuna mapango mashuhuri kama Kitum na Makingeny, ambamo ndovu huingia usiku kukwangua chumvi ukutani. Habari hiyo yashangaza, na watoto waliililia. Lakini mwaka 1980, na tena mwaka 1987, wageni wawili waliopata kuzuru pango la Kitum waliugua maradhi ya Marburg wakafariki, na wataalamu huyahusisha maradhi hayo na popo wa mapangoni. Tulipokuwa na bibi na watoto, tukaamua kutoingia pango lolote. Tulitembea katika msitu wa chini pamoja na askari wa wanyama, tukala chakula chetu kwenye majani, tukaswali hapo, tukarudi. Hakuna aliyejuta.

Kuhusu chakula, kanuni yetu ilikuwa rahisi: nyama tusiyoijua aliyeichinja hatuili. Katika mkahawa mmoja tuliingia kwa sababu ukutani paliandikwa "halali". Tulipouliza ni nani anayewachinjia, kijana aliyetuhudumia hakujua, na mwenye duka hakuwapo. Tukaagiza ugali, maharage, mayai na mboga, tukala kwa furaha. Msikiti ulitusaidia zaidi ya bango. Baada ya swala wanaume walimuuliza imamu, naye akaelekeza bucha na nyumba ya kupikia. Mama anayesafiri na watoto na achukue mchele kidogo, viungo na sufuria. Mahali tulipolala paliruhusu kupika, na tulilihakikisha hilo kabla ya kulipa. Kadhalika wasichana wakubwa walikuwa na chumba chao chenye ufunguo na choo ndani, na hilo nalo lilikuwa sharti.

Sasa tufike kwenye jambo lililotushughulisha nyoyo kuliko mbuga na milima. Katika uwanja wa klabu ya zamani ya walowezi mjini Kitale kuna duara la mawe ambalo, kwa masimulizi ya wenyeji, ndipo watumwa walipofungiwa misafara ilipotua kwa usiku. Mji wa leo ulianzishwa na walowezi mwaka 1908, na reli ikaufikia mwaka 1926. Lakini kabla yao, wasemavyo, palikuwa kituo cha misafara iliyotoka upande wa Uganda ikielekea pwani. Pwani ndiyo kwetu. Majina ya babu zetu ni majina ya watu waliofadhili misafara, na ya watu walioifuata wakiwa na mzigo kichwani, na pengine ya watu waliofungwa ndani yake. Sisi hatujui kwa yakini babu gani alikuwa wapi katika mstari ule. Jioni ile tuliyazungumza hayo mbele ya watoto, kwa maneno wanayoyaweza. Tuliwaambia kwamba dini yetu imeufanya ukombozi wa mtumwa kuwa ibada na kafara ya dhambi, na kwamba walikuwepo watu waliosema shahada huku wakiwauza wenzao, na Mwenyezi Mungu hatadhulumu haki ya yeyote. Hatukutaka wajifunze habari hii kwa mtu atakayewatukana kwayo siku moja. Tulitaka waisikie kwetu kwanza.

Alhamisi tukashuka kusini. Njia ya Kitale hupita Kiminini na Kamukuywa, yaingia Webuye, ambako mto Nzoia huanguka katika maporomoko ya Nabuyole, kisha wapinda kulia kuelekea Bungoma. Karibu na Webuye kuna kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijihami katika ngome yao dhidi ya jeshi la Waingereza, wakashindwa kwa bunduki. Jeshi lile lilikuwa na askari wa Kisudani, na Wawanga wa Nabongo Mumia walikuwa upande wa Waingereza. Shemeji yetu, ambaye ni Mwanga, alitueleza hayo yeye mwenyewe, na jirani yake Mbukusu akiwa amekaa hapo hapo akiitikia kwa kichwa. Watu hao wawili hupeana mbegu na kuazimana jembe. Twaamini ujirani huo unawezekana kwa sababu hawafichani habari.

Tulipofika nyumbani kwa dada, hatutaeleza sana. Kila mwenye mtoto aliyeolewa mbali anajua. Shemeji alichinja kuku kwa mkono wake mbele yetu, na kwa desturi ya kwao kuku ndiye heshima ya mgeni. Wakaleta mrenda, kunde na ugali wa wimbi. Mama yetu, ambaye kwake chakula ni wali, alikula ule wimbi akaomba tena. Usiku tulimsikia akizungumza na dada chumbani mpaka saa sita, na hatukuuliza walizungumza nini.

Ijumaa tulikwenda Mumias. Nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya Waswahili kutoka mwambao ilikuwa ikifika kwa watawala wa Wanga kununua pembe za ndovu. Mpelelezi Mskochi, Joseph Thomson, alipopita mwaka 1883 mahali pale palijulikana kwa jina la Kwa Sundu, yaani kwa Nabongo Shiundu, baba yake Mumia. Baadhi ya wafanyabiashara wa pwani walikaa, wakaoa, wakafundisha. Nabongo Mumia na ndugu zake wakasilimu, na Mumias ikawa mlango wa Uislamu katika Kenya ya magharibi. Mumia aliishi miaka mingi, akafariki mwaka 1949. Huko Matungu kuna kituo cha utamaduni kinachohifadhi habari za ufalme wake. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, misafara ikafa, lakini misikiti ikabaki.

Wanawake wa Mumias walitupokea upande wao wa msikiti. Tuliposema tumetoka Mombasa, bibi mmoja wa makamo ya mama yetu akacheka, akasema kwa Kiswahili safi: "Basi mmekuja kuwatazama watoto wenu." Mama akamjibu kwamba hakujua kama ana watoto wengi kiasi hiki. Wakashikana mikono, wakakaa pamoja mpaka khutba ikaanza. Muadhini alipoinuka, mama aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho. Njiani kurudi Bungoma alisema neno moja tu: "Adhana yao ni ileile."

Njia moja ilileta pingu na shahada. Hilo ni gumu kulibeba, wala hatudai tumelimaliza. Tunachojua ni kwamba waliokuwa upande wa pili wa njia ile ni ndugu zetu katika dini, tena si ndugu wa jana. Ni vizazi vitano au sita vya Waislamu ambao wengi wetu tunawahesabu kama wageni wa dini. Anayesema "Waislamu wa bara" kwa kuwapunguza na apande gari.

Kwa mwenye nia, huu ndio mukhtasari wa mpango wetu. Anzeni kuweka fedha mwaka mmoja kabla. Chagueni Disemba hadi Februari kwa ajili ya ukavu. Safirini siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, mchana tu. Kaeni Kitale siku tatu kamili: mji na Saiwa, Kapenguria, kisha chini ya Elgon. Msijaze siku kwa mambo mawili makubwa. Mzee na mtoto huchoka katikati, na safari huharibika jioni. Mwenye dawa za presha au sukari achukue za wiki mbili, na amwone daktari kabla, kwa sababu ule urefu wa nchi humpa mtu pumzi fupi siku ya kwanza. Pande za Bungoma na Mumias ziko chini zaidi na zina malaria, basi vyandarua visisahaulike. Na kama mna ndugu huko, mfanyeni yeye kuwa shabaha ya safari, na vivutio viwe njiani.

Kuna matembezi mengine ambayo tumeyaacha kwa mwaka mwingine, inshaallah: Suam mpakani na Uganda, milima ya Cherangani, na msitu wa Kakamega. Lakini kabla ya hayo kuna zamu ya kurudisha. Hazina ya shilingi 2,500 haikuvunjwa. Mwezi huu imeanza upya, na safari hii fedha zitapanda kwenda Bungoma badala ya kutushusha sisi: dada, shemeji, watoto wao, na mama mzazi wa shemeji, ambaye hajapata kuiona bahari, watakuja kula Idi kwetu. Mama ameshaanza kugombana nasi kuhusu chumba watakacholala. Anataka kiwe chake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, awaunganishe waliotengwa na masafa, na awarehemu waliopita njia ile wakiwa huru na waliopita wakiwa wamefungwa. Amin.